Kibao kinaposema "kwa ufadhili wa": pesa za hifadhi na uzazi wa mpango hutoka wapi, na huisha lini?

Ukishuka kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria, au ukipita kijiji kilicho jirani na msitu wa hifadhi, hukosi kukiona kibao cha mradi. Juu kuna jina la mradi, katikati kuna jina la kijiji na wilaya, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna nembo tatu au nne na maneno "kwa ufadhili wa". Mara nyingi rangi imeshapauka na mradi wenyewe umeshaondoka. Kilichobaki ni kibao.

Katika kipindi chetu cha asubuhi, maswali kuhusu kibao hicho hayaishi. Wasikilizaji huuliza: huyo mfadhili ni nani? Pesa anazitoa wapi, na yeye anapata nini? Na kwa nini mtu aliyekuja kutufundisha kupanda miti anatuuliza tena tuna watoto wangapi?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa kutumia mfano wa kweli: taasisi moja ya hisani ya Marekani na mradi iliyousaidia katika Ziwa Victoria. Yahifadhi kwenye simu yako. Siku mgeni mwenye gari la mradi atakaposimama kijijini kwenu, yatakufaa.

KWA UFUPI

- Taasisi ya hisani ni mali iliyotengwa na mtu au familia kwa ajili ya kusaidia jamii. Si serikali, na si benki ya kukopesha.
- Ruzuku yake ina kusudi na ina mwisho. Mara nyingi ni ya miaka miwili au mitatu.
- Miradi ya "watu, afya na mazingira" huunganisha hifadhi ya ziwa au msitu na huduma za afya, pamoja na uzazi wa mpango.
- Uzazi wa mpango ni hiari. Mradi unaokupa mche, jiko au mkopo kwa sharti la kutumia njia ya uzazi wa mpango unakwenda kinyume na haki yako.
- Pesa zikiisha, hubaki kile ambacho kijiji kimekifanya kuwa chake.

TAASISI YA HISANI NI NINI?

Wengi wetu tunalijua neno wakfu. Mtu anatenga shamba la minazi au nyumba, na mapato yake yanaendesha msikiti, kisima au shule hata baada ya yeye kufariki. Shamba lenyewe haliuzwi, yanayotumika ni mapato yake. Taasisi kubwa za hisani za Marekani zinafanana na hapo, ila shamba lao ni hisa za makampuni na fedha zilizowekezwa.

Chukua mfano wa ng'ombe. Tajiri mmoja anatenga ng'ombe 100 na kusema, "Hawa si wangu tena, ni wa kusaidia watu." Anaweka bodi ya kuwasimamia. Kila mwaka kundi linazaa. Sheria ya kodi ya Marekani inaitaka taasisi ya namna hii itoe kila mwaka kiasi cha asilimia 5 ya thamani ya mali yake kwa kazi za hisani. Yaani katika ng'ombe 100, thamani ya ng'ombe watano hivi lazima itoke. Kundi likistawi, taasisi inaweza kuishi miaka mingi bila kumaliza mtaji.

Tajiri anapata nini? Mali inayoingia kwenye taasisi ya hisani hupata nafuu kubwa ya kodi. Familia hupata heshima, na hupata pia nafasi ya kuamua kazi ipi isaidiwe na ipi isisaidiwe. Hapo ndipo penye mjadala hata kwao. Wapo wanaosema ni ukarimu, na wapo wanaosema ni watu wachache kuamua mambo ya wengi. Mwanakijiji hana haja ya kuumaliza mjadala huo. Inatosha ajue kwamba pesa hiyo ina mwenye uamuzi, na mwenye uamuzi ana shabaha zake.

MFANO WETU: TAASISI YA DAVID NA LUCILE PACKARD

Mwaka 1939, katika gereji ya mji wa Palo Alto, jimbo la California, vijana wawili, William Hewlett na David Packard, walianzisha kampuni ya kutengeneza vifaa vya umeme vya kupimia. Kampuni hiyo, Hewlett-Packard, ndiyo baadaye ikajulikana duniani kote kwa kompyuta na mashine za kuchapishia. Ukiingia ofisi ya stesheni ukakuta printa yenye herufi HP, ndiyo hiyo.

Mwaka 1964 David Packard na mkewe Lucile walianzisha taasisi ya hisani yenye jina lao. Lucile alifariki mwaka 1987. David alipofariki mwaka 1996 aliiachia taasisi sehemu kubwa ya utajiri wake, nayo ikawa miongoni mwa taasisi kubwa za Marekani. Makao yake yako Los Altos, California, na kila mwaka hutoa ruzuku za mamia ya milioni ya dola.

Mambo mawili yamekuwa karibu na familia hiyo kwa muda mrefu. La kwanza ni bahari na viumbe vyake: familia ndiyo iliyotoa pesa za kujenga nyumba kubwa ya kuonyeshea viumbe wa baharini huko Monterey, iliyofunguliwa mwaka 1984 na kuongozwa kwa miaka mingi na binti yao. La pili ni idadi ya watu na afya ya uzazi, na hapo Ethiopia ni mojawapo ya nchi za Afrika ilizozisaidia kwa muda mrefu. Mambo hayo mawili yalipokutana katika mradi mmoja, ikapatikana kazi ambayo wataalamu wanaiita "idadi ya watu, afya na mazingira".

KWA NINI MITI NA UZAZI WA MPANGO VIWE KAPU MOJA?

Tuanze na hesabu ya shamba. Babu alikuwa na ekari 12. Wanawe wanne wakarithi ekari tatu tatu. Kila mmoja wao akapata watoto watatu, na sasa kila mjukuu ana ekari moja. Mjukuu huyo si mvivu, wala hapendi kuharibu msitu. Lakini ekari moja haimtoshi, kwa hiyo anapanda mlimani kukata miti, au anashuka ziwani na kokoro.

Takwimu za nchi zinasema jambo hilo hilo. Sensa ya 1967 iliikuta Tanzania Bara na Visiwani ikiwa na watu milioni 12.3. Sensa ya 2012 ilikuta milioni 44.9, na ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Kasi ya ongezeko ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo watu huongezeka maradufu katika miaka 22 hivi. Ziwa Victoria haliongezeki. Ni kilometa za mraba zipatazo 68,800, tunazogawana na Uganda na Kenya.

Sababu ya pili ni ya mlangoni kwa kila mtu. Mama anayejifungua kila mwaka hana muda wa kwenda kwenye mkutano wa kikundi cha miti. Mtoto anayeharisha kwa maji machafu ya ziwa humaliza pesa ya familia, na familia iliyoishiwa huvua hata samaki wachanga. Mvuvi anayelala kila usiku mwalo tofauti, penye ngono ya kubadilishana kwa samaki, yuko kwenye hatari ya VVU. Ukileta miche peke yake umegusa kidole kimoja tu cha mkono.

Sababu ya tatu ni kwamba magonjwa hayana mpaka. Mwaka 1996, katika msitu wa Bwindi kusini magharibi mwa Uganda, gorila wa milimani walipata upele, na ugonjwa huo ukahusishwa na watu wanaoishi kando ya hifadhi. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka aliushughulikia mkasa huo. Alijifunza kwamba huwezi kumtibu gorila ukamwacha jirani yake bila zahanati. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika liitwalo Conservation Through Public Health, linalohudumia wanyama na watu pamoja, huku wahudumu wa vijijini wakizungumza na familia kuhusu usafi, kifua kikuu na uzazi wa mpango.

Lakini hesabu hii ina upande wa pili, na si haki kuuficha. Mtu mmoja wa Marekani, kwa wastani, husababisha zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka, wakati Mtanzania wa wastani hafikishi hata nusu tani. Kwa hiyo, mtu akikuambia hali ya hewa ya dunia imeharibika kwa sababu mama wa Ukerewe ana watoto sita, mkatalie. Uzazi wa mpango unaweza kuisaidia familia na mwalo wake. Hauwezi kubeba deni la viwanda na magari ya nchi nyingine.

DOA LA ZAMANI, NA KWA NINI WATU WANA WASIWASI

Baadhi ya wazee wetu wakisikia "mzungu anataka tuzae wachache" wanakunja uso. Wasiwasi huo haukutoka hewani.

Katika miaka ya 1950 na 1960, matajiri na wataalamu wengi wa Marekani waliliona ongezeko la watu katika nchi maskini kama hatari kwao. Mwaka 1952 John D. Rockefeller wa tatu alianzisha Population Council, na taasisi ya Ford nayo ikatoa pesa nyingi kwa kazi hiyo. Kulikuwa na mema ndani yake, kama utafiti wa njia salama za uzazi. Lakini mazungumzo mengi yalihusu idadi. Mwanamke mwenyewe na anachokitaka hakuulizwa sana.

Ubaya wa kufukuzia idadi ulionekana India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977. Maofisa walipewa malengo ya kufikia, na mamilioni ya watu wakafungwa uzazi, wengi wao kwa kushurutishwa au kwa kutishiwa kunyimwa huduma. Hasira ya wananchi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiangusha serikali katika uchaguzi wa 1977.

Mwaka 1994 nchi 179 zilikutana Cairo, Misri, na kukubaliana juu ya njia nyingine: kila mtu na kila wanandoa wana haki ya kuamua kwa hiari ni watoto wangapi wawapate na kwa muda gani, wakiwa na elimu na njia za kutekeleza uamuzi wao. Huo ndio mpaka. Mradi ukivuka hapo, hata kama umeleta miche milioni, umekosea.

ZIWA VICTORIA: MRADI ULIVYOKUWA

Mwaka 2011 ulianza mradi uliojulikana kwa kifupi kama HoPE-LVB, yaani afya ya watu na mazingira katika bonde la Ziwa Victoria. Taasisi ya Packard ilikuwa mmoja wa wafadhili, pamoja na taasisi ya MacArthur ya Chicago na shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID. Aliyeuongoza ni Pathfinder International, shirika la afya ya uzazi lililoanzishwa mwaka 1957. Lilishirikiana na mashirika ya huku huku kwetu: Osienala, yaani Marafiki wa Ziwa Victoria, upande wa Kenya, na Ecological Christian Organisation upande wa Uganda, pamoja na shirika la Dk. Kalema-Zikusoka tulilolitaja.

Kazi ilifanyika kando ya ziwa na visiwani, Kenya na Uganda. Upande wetu wa Tanzania haukuwemo, ingawa sisi ndio wenye nusu ya ziwa. Lakini samaki hawaijui mipaka. Anayezaliwa kwenye matete ya Homa Bay anaweza kuvuliwa kwetu.

Kitu kilichowavuta watu wengi ni kaya ya mfano. Familia ilikubali kutimiza mambo kadhaa kwa pamoja: choo bora na mahali pa kunawia mikono, kichanja cha vyombo, maji ya kunywa yaliyotibiwa, jiko banifu linalotumia kuni chache, bustani ya mboga, miti kuzunguka boma, watoto waliopata chanjo, mama kujifungulia kituo cha afya, na mume na mke kuzungumza wazi juu ya kupanga uzazi. Familia ikifikia kiwango, majirani walikuja kuona. Anayefundisha hakuwa mgeni mwenye kompyuta mpakato. Alikuwa mama jirani, na jiko lake linawaka mbele ya macho yako.

Upande wa ziwa, vikundi vya BMU vilihusishwa kulinda mazalia ya samaki, yaani sehemu za matete na ghuba tulivu ambako samaki hutaga. Wavuvi walikubaliana wasivue humo, wakaziwekea alama na kulinda. Mikutano hiyo hiyo ya wavuvi ikawa mahali pa kuzungumza juu ya VVU, choo cha mwaloni na uzazi wa mpango. Wanaume ambao hawakanyagi kliniki walisikia habari hizo wakiwa kwao, kwenye mitumbwi.

Wazo hilo lilifika hadi ngazi ya juu. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao Kisumu, ililichukua na kuandaa mpango mkakati wa kuunganisha masuala ya watu, afya na mazingira katika nchi wanachama.

Tanzania nayo ina mfano wake, lakini ni wa ziwa jingine. Mradi wa Tuungane, kandokando ya Ziwa Tanganyika katika eneo la Mahale, uliendeshwa na The Nature Conservancy na Pathfinder kwa kuchanganya BMU, mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, vikundi vya kuweka na kukopa vya COCOBA, na huduma za afya ya mama.

SAFARI YA RUZUKU: KWA NINI INAFIKA IMEPUNGUA

Watu husikia redioni kwamba mradi ni wa mabilioni, kisha kijijini wanaona miche 2,000 na semina mbili. Wanasema pesa imeliwa. Wakati mwingine ni kweli imeliwa. Wakati mwingine ni safari ndefu tu, na hatua zake ni hizi.

Kwanza, shirika linaandika andiko la mradi: tatizo ni nini, litafanywa nini, kwa muda gani, kwa gharama gani. Bodi au maofisa wa taasisi wakikubali, mkataba husainiwa.

Pili, pesa huingia kwa awamu kwenye shirika kubwa la kimataifa. Linalipa ofisi, wahasibu, wakaguzi na wataalamu wake.

Tatu, sehemu hupelekwa kwa shirika la hapa nchini, nalo lina ofisi, mishahara, pikipiki na mafuta.

Nne, inafika kijijini ikiwa semina, miche, vifaa vya jiko, posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mafuta ya boti ya doria.

Tano, ripoti hurudi juu: kaya ngapi, miti mingapi, akina mama wangapi. Ripoti isipofika, awamu inayofuata inaweza isitoke.

Kila hatua ina gharama halali, na kila hatua pia ni mwanya wa kuvuja. Ndiyo maana kijiji kina haki ya kuuliza. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania ya 2002 inayataka mashirika hayo kutayarisha ripoti ya kazi zake kila mwaka, ripoti ambayo wananchi wanaweza kuiona. Kuuliza si utovu wa adabu wala kukosa shukrani.

PESA INAPOISHA

Miaka kadhaa iliyopita nilivuka kwa boti kwenda kisiwa kimoja kurekodi kipindi. Mradi wa afya na mazingira ulikuwa umefungwa mwaka uliotangulia. Kibao kilikuwepo. Kitalu cha miche kilikuwa kimeota magugu, na chupa za kumwagilia bado zilining'inia kwenye kamba. Kwenye zahanati nilimkuta mama mmoja na mtoto mgongoni, amekuja kwa mtumbwi tangu alfajiri kufuata sindano ya miezi mitatu. Muuguzi akamwambia, "Mama, sindano zimeisha, jaribu wiki mbili zijazo." Zamani boti ya mradi ndiyo iliyokuwa ikizileta. Mama yule aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Walitufundisha tuzipende, halafu wakaondoka nazo. Sasa tufanyeje?"

Lakini hatua mia tatu kutoka pale niliona kitu kingine. Kikundi cha akina mama kilikuwa bado kinakutana kila Jumatano kuweka hisa. Kilianza na mradi, ila sanduku lilikuwa lao, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na hakuna mgeni aliyewalipa posho ya kukaa kikao. Majiko ya udongo yalikuwa bado yanajengwa, maana udongo na maji vipo na fundi ni mwana wa kijiji. Na wavuvi walikuwa bado wanaikwepa ghuba yao ya mazalia, kwa sababu sheria ndogo ilipitishwa na mkutano wao wenyewe na faini inaingia kwenye mfuko wao.

Tofauti kati ya vilivyokufa na vilivyoishi ilikuwa wazi. Vilivyokufa vilitegemea kitu kinachotoka nje kila mwezi: mafuta, posho, dawa. Vilivyoishi vilikuwa na mwenyewe.

Somo hilo limekuwa zito zaidi tangu 2025. Mwanzoni mwa mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 2025 USAID ilikuwa imefungwa kama shirika linalojitegemea. Miradi mingi ya afya katika Afrika Mashariki ilisimama ghafla. Taasisi binafsi kama Packard hazipati pesa zake kutoka bajeti ya serikali, kwa hiyo hazikufungwa. Lakini ruzuku zao ni ndogo kuliko pengo lililoachwa, nazo pia hubadili mwelekeo bodi inapoamua hivyo. Hakuna mfadhili aliyeapa kukaa milele.

Kwa upande wa dawa na njia za uzazi wa mpango, mwenye wajibu wa kudumu ni serikali. Katika vituo vya umma vya Tanzania huduma hiyo hutolewa bila malipo. Vidonge, sindano, vijiti, kitanzi au kondomu vikikosekana, hilo ni suala la kupeleka kwenye kamati ya afya ya kituo, kwa diwani na kwa mganga mkuu wa wilaya. Usisubiri kibao kingine.

MASWALI SABA YA KUULIZA MRADI UNAPOFIKA

Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pake. Mwenyekiti au mtendaji anapomkaribisha mgeni, inukeni mmuulize kwa heshima:

1. Mfadhili ni nani hasa, na shirika linalotekeleza limesajiliwa wapi?
2. Mradi ni wa muda gani? Unaisha mwezi gani, mwaka gani?
3. Kijiji chetu kimetengewa kiasi gani, na kwa kazi zipi? Mtatusomea mapato na matumizi kila baada ya muda gani?
4. Je, kuna faida yoyote, iwe mche, mkopo au jiko, inayotolewa kwa sharti la kutumia uzazi wa mpango? Jibu sahihi ni hapana.
5. Anayetoa huduma ya uzazi wa mpango ana mafunzo? Anaeleza njia zote na madhara yake, na mtu akitaka kuacha au kutolewa kijiti atahudumiwa wapi?
6. Tukifunga eneo la mazalia au la msitu, nani anapoteza kipato chake, na atafidiwa vipi katika kipindi hicho?
7. Siku mtakapoondoka, nani atabeba kila kazi? Tajeni kwa jina: kikundi, halmashauri, zahanati au hakuna.

Swali la saba ndilo kubwa. Mkijibiwa "hakuna", haimaanishi mkatae mradi. Maana yake mmejua mapema kitu kipi kitakufa, na mnaweza kuanza kukitafutia mwenyewe mradi ukiwa bado hai.

MANENO UTAKAYOYASIKIA

Ruzuku: pesa inayotolewa bila kurudishwa, kwa kazi maalumu iliyoandikwa kwenye mkataba.

Andiko la mradi: maelezo ya maandishi ya kuombea ruzuku. Hata kikundi cha kijiji kilichosajiliwa kinaweza kuandika, kwa msaada wa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

BMU: kikundi cha wavuvi na wadau wa mwalo kinachosimamia uvuvi pamoja na serikali.

Mazalia: eneo la maji ambako samaki hutaga na kukuza vifaranga.

Jiko banifu: jiko linalobana moto ili litumie kuni au mkaa kidogo.

Kaya ya mfano: familia iliyotimiza mambo ya afya na mazingira yaliyokubaliwa, na inayowafundisha majirani.

Uzazi wa mpango: uamuzi wa hiari wa mtu au wanandoa juu ya lini wapate mtoto na wangapi, na njia za kuufanikisha. Kutafuta mtoto kwa walioukosa uzazi ni sehemu yake pia.

Kama kijijini kwenu kuna mradi ulioondoka na kuacha kitu kinachoendelea kuishi, tutumie ujumbe kupitia namba unayoisikia hewani. Tuambie ni kitu gani na nani anakibeba. Vijiji vingine vinahitaji kusikia.